Mutua Hakubonyeza Vibaya

Mwende,

Salamu tuziache. Asubuhi tumekunywa chai ya sufuria moja, unajua mimi ni mzima na mimi najua wewe ni mzima. Anayeandika ni shangazi yako Nduku. Nimemkalisha hapa nje, jua bado liko, nikamwambia aandike vile ninasema na asinipambe. Wewe umeenda kuaga marafiki, utarudi umechoka, na kesho saa kumi na mbili unataka uwe barabarani. Barua utaikuta juu ya sanduku lako.

Utauliza kwa nini nisiseme kwa mdomo, na tunalala nyumba moja. Nikisema kwa mdomo nitakugombeza. Unanijua. Nikikugombeza utalia, ukilia nitakuwekea kitu jikoni ule, na maneno yataishia hapo. Karatasi haina jiko.

Habari ya kuvaa sweta na kuchunga begi sitakuambia. Ulikuja kwangu mimi nyanya yako ukiwa na miaka sita, kama hukuyashika hayo mpaka leo basi hasara ni yangu. Nataka kusema juu ya Mutua, yule mzee anayepokea maziwa kituo cha Kalama. Na nitaanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lilitangulia.

Kazi yako nitaieleza vile niliielewa, ucheke ukitaka. Chama cha maziwa kina vituo vitano, na kila kituo kina kompyuta ya kuandikia nani ameleta maziwa na kilo ngapi. Wewe ndiwe ulitengeneza zile kurasa wanazofungua. Lakini yale unayoandika, kompyuta haiwezi kuyala vile yalivyo. Lazima kwanza yakobolewe, kama mahindi yanavyotwangwa maganda yatoke ndiyo yawe muthokoi. Hiyo ndiyo unaita kukompaili. Halafu kila kompyuta iko na tumbo la kusaga kile ulichokoboa, na matumbo hayafanani. Vituo vinne viko na tumbo jipya. Kalama iko na lile la zamani, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa ya kupewa, na ukiitia jipya inakwama kama punda aliyebebeshwa mchanga. Ulinieleza hivyo mwenyewe, isipokuwa punda. Punda ni wangu.

Nilikuwa nakuletea chakula saa saba, pale chumba cha nyuma cha ofisi. Umebadilisha neno moja, neno moja tu, na mashine inakoboa gunia lote upya. Ikimaliza unaanza mara ya pili, ya Kalama. Siku moja nilichambua maharagwe debe zima na wewe bado umeshika shavu unaangalia ule mstari unaotambaa. Na kamati ilikuwa inakusukuma. Mkutano mkuu unakaribia, wanataka ukurasa wa dawa za ng'ombe, wanataka na ule wa ndama, kila siku wanataka.

Ndipo nikakuambia. Maneno yangu nayakumbuka kwa sababu niliyapenda.

“Achana na Kalama. Nyumba nzima haiwezi kungoja chakula kilainike kwa ajili ya jino la mtu mmoja.”

Ulicheka. Ukasema, “Susu, wewe ungefaa kuwa mwenyekiti.”

Siku hiyo ukakoboa mara moja tu. Ulifika nyumbani mapema, tukakaa nje tukala viazi vitamu, na mimi nikajisifu moyoni. Mimi, ambaye sikukaa darasani hata siku moja, nimemfungulia njia mtu wa kompyuta. Sijui kama umewahi kuona mtu anajisifu kimya. Anatafuna polepole.

Ulikuwa unadhani Kalama itabaki na kurasa zake za zamani, na hakuna kitakachoharibika. Lakini diski zilizotoka ofisini zilikuwa tano kama kawaida, na hukuandika juu ya hata moja kwamba hii si ya Kalama. Gari la maziwa likazipeleka zote. Mutua akaitia yake kama alivyoelekezwa kwenye karatasi, hatua kwa hatua, na kurasa mpya zikafuta za zamani.

Asubuhi yake unaijua kwa kusimuliwa tu, kama mimi. Mizani iko tayari, watu wamepanga mstari na mikebe yao, na mashine inafungua ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza. Daftari kamati yenyewe ilikuwa imelipiga marufuku. Maziwa hayapokelewi mpaka yaandikwe kwenye mashine. Mutua akampigia mwenyekiti, na mwenyekiti hakuuliza mashine inasema nini. Aliuliza, “Wewe mzee, umebonyeza nini?” Gari likangoja, likachoka, likaondoka. Jua likapanda. Maziwa yakaganda kwenye mikebe. Kuna mama alimwaga yake hapo hapo miguuni pa Mutua, akamwambia arudi kwa mbuzi, mbuzi hawana vifungo vya kubonyeza. Watu walicheka. Mtu aliyepoteza maziwa ya asubuhi nzima, akipata cha kucheka atacheka.

Wewe ulijua kabla ya saa sita. Nilikuona ulivyorudi kutoka kwenye simu, uso umekuwa kama jivu. Kesho yake ukapeleka diski ya zamani, kurasa zikafunguka, na mwenyekiti akasimama mbele ya watu akasema huyu msichana ametengeneza kile mzee aliharibu. Ulikuwa umesimama pale. Hukusema kitu.

Nyumbani nilikuuliza. Ulisema, “Nitasema, Susu. Mkutano mkuu ukiisha.”

Mkutano ulikwisha. Mvua zimekuja zimeenda. Na mimi sikukuuliza tena, kwa sababu kukuuliza wewe ilikuwa ni kujiuliza mimi.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Nduku hakijui. Naona ameacha kuandika ananiangalia. Andika, Nduku.

Nilikuwa mke mpya, mkono wangu ukichimba kama wa wanaume wawili, na mdomo wangu ulikuwa hivi hivi. Mwethya yetu, lile kundi la akina mama la kulimiana mashamba kwa zamu, ikanifanya kiongozi. Tulikuwa tumefundishwa mtaro mpya, unachimba na kutupa udongo upande wa juu, wenyewe wakauita fanya juu. Ule wa zamani ulikuwa fanya chini, udongo unautupa chini yako. Tukachukua kilima kizima, shamba baada ya shamba, tunaimba, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope.

Juu kabisa alikuwa na shamba mama mmoja mzee aliyeitwa Kalunde. Mitaro yake yote ilikuwa ya zamani, ya mume wake marehemu, na hakutaka iguswe. Kama tungetaka kazi iwe kamili, ilibidi tuchimbe njia ya kutoa maji kwenye mitaro yake mpaka kwenye korongo, ili yasitushukie. Siku nne za kazi. Wenzangu wakaniuliza tufanyeje. Nikasema mambo ya Kalunde ataona Kalunde, sisi tunaenda na mpya. Tukamaliza kabla ya kundi la ng'ambo. Tulisifiwa. Nilipewa jembe jipya, nikalitembeza sokoni Mitaboni siku mbili bila kazi nalo.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Maji ya Kalunde hayakuwa na pa kwenda, yakaja kwetu. Mtaro wa kwanza ukavunjika, ukabeba wa pili, wa pili ukabeba wa tatu. Mbegu zote, udongo wote mzuri, chini kwenye mto. Na juu kule mitaro yake ya zamani ilisimama vizuri, hata mche mmoja haukung'oka.

Hilo bado si kosa lenyewe. Kosa ni lililofuata. Watu walianza kusema ni Kalunde, mitaro yake ya kizamani ndiyo imetumaliza, mama mkaidi. Na mimi niliyejua, mimi niliyeulizwa nikajibu, nikanyamaza. Ilikuwa rahisi sana, Mwende. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji tu kuendelea kufunga kuni zangu wakati wengine wanasema. Wakaacha kwenda kumlimia. Nilipoanza kulala vibaya nilisema nitamwambia, nitawaambia wote, wacha kwanza tuvune. Halafu akaugua, nikasema wacha apone. Hakupona. Mpaka leo wako wazee hapa wakitaja mwaka ule wanasema ni ule mwaka wa Kalunde. Ulipaswa kuwa na jina langu.

Basi ulipokuwa unasema mkutano ukiisha, mimi nilisikia wacha tuvune. Na bado nilinyamaza. Ndiyo maana nasema kosa langu lilitangulia, halafu likarudi likatangulia tena.

Nikusifu pia, kwa sababu unastahili, na ukweli hauchagui upande. Ulipoumia hukukaa bure. Wiki tatu ulikuwa unatoka ofisini na nyota. Kwanza uligundua mashine ilikuwa inakoboa kila siku mahindi ambayo hakuna aliyeyagusa mwaka mzima. Zile kurasa kubwa ambazo nyingine zote huziegemea, ukazikoboa mara moja, ukazifunga, ukaziweka kando. Sasa ukibadilisha ukurasa wa mizani, unakobolewa wa mizani peke yake. Halafu ukaniambia ile mashine mpya ya kukoboa inaweza kuamriwa ikoboe laini, kwa kipimo cha tumbo la zamani, na lile jipya halilalamiki, linakula vyote. Kwa hivyo hakuna kukoboa mara mbili tena. Mara moja, kwa vituo vyote vitano.

Ulidhani umemaliza. Ukaijaribu kwenye mashine moja mbovu uliyoifanya iwe kama ya Kalama, ikakataa, ukatoka nje ukapiga teke ndoo yangu, na bado hujaninunulia nyingine. Siku mbili ulishinda ukiifungua na kuifunga. Halafu usiku wa tatu ukaja kitandani kwangu ukanieleza, nami nikaelewa kuliko siku zote. Kukoboa kulikuwa sawa, lakini ndani ya kurasa ulikuwa unaitisha vyombo ambavyo Kalama hawana jikoni. Ni kama kumwandikia mtu kwa lugha anayoijua umwambie achukue kile kitu kwenye friji, na yeye hana friji. Ukalazimika kutafuta vile vyombo vya zamani, uvipange mezani pako wakati wa kukoboa, na vipya uvifiche, ili ukiitisha kisichokuwako mashine yako ikukataze wewe hapo hapo. Wewe wa kwanza, kabla ya mtu wa Kalama mwenye foleni mbele yake.

Hapo nilikupenda upya. Nilisema kimoyomoyo, mimi nilitoa shauri la mtu mvivu, na huyu mtoto amelitengeneza kuwa kazi ya mtu mwenye heshima. Sasa gunia zima linakobolewa kabla chai haijachemka, na Kalama inafungua kama wengine. Ni kazi hiyo watu wa Nairobi waliiona wakakuita ukafanye kazi kwao. Uliwaeleza yote, uliniambia, na jinsi ulivyogundua. Nikakuuliza kama uliwaambia kilichokufanya uanze kutafuta. Ulisema waliuliza mambo ya kompyuta tu.

Juzi nilikuambia naenda kwa akina mama wa kanisa. Nilidanganya. Nilienda Kalama.

Mutua alinikaribisha vizuri, akafuta mkebe akaugeuza nikaukalia. Ni mtu wa mizani tangu enzi za daftari, na mwandiko wake hata mimi nisiyesoma naona umenyooka. Tuliongea habari ya nyasi, tukaongea habari ya magoti. Halafu akaingia ndani akatoka na daftari la shule. Alikuwa ameandika kila kifungo alichobonyeza siku ile, kwa mpangilio, na pembeni saa. Kurasa tatu. Mke wake akapita akasema huyu mzee amekuwa mtoto wa darasa la kwanza, kila akimaliza kukamua anasoma hiyo. Mutua aliniwekea daftari magotini, akaweka kidole.

“Mama, wewe unaishi na yule msichana. Niulizie. Hapa nambari saba, nilifaa kubonyeza kabla au baada? Nimeangalia na kuangalia. Sioni nilipokosea.”

Miezi yote hiyo, Mwende. Anatafuta kosa lake.

Unajua mimi na herufi hatujuani. Pale benki, yule karani anayenishika kidole gumba na kukichovya kwenye wino bila kunisalimia, nimemzoea. Nimeitwa mjinga na watu wengi, na wengine walikuwa wajinga kunishinda. Lakini mimi nikiitwa hivyo, angalau ni kweli kwamba sijui kusoma. Huyu alifanya kila kitu sawasawa. Nilishika daftari lile nikajua hakuna kosa hata moja ndani yake, na mimi ndiye niliyejua, na sijui kulisoma.

Nikamwambia. Nikamwambia diski ile haikuwa ya mashine yake, na aliyesema Kalama iachwe ni mimi. Hapo nikaacha. La kwako sikulisema, ila yeye si mtoto.

Alinyosha mkono akalichukua daftari. Akalifunga. Akasema, “Basi nimekuwa nikitafuta kitu mahali hakipo.”

Halafu akauliza kama ni kweli unaondoka Jumamosi. Nikasema ndiyo. Akasema kamati inakaa siku hiyo hiyo, saa tatu, hapa kwetu Mitaboni, ofisini, na kazi yao ya kwanza ni kumpa mtu mwingine kiti chake, mtu anayejua kompyuta. Ameshaitwa aje asikie. Nikaanza kusimama, akanizuia mkono. Akasema, “Mwache aende. Mimi ni mzee, hicho kiti kingeondoka tu. Usimharibie mtoto safari.”

Nikamwambia kuondoka kwenye kiti ni kitu kimoja, na kuondolewa ukiitwa mjinga ni kingine. Alinifungia maziwa ya mgando nije nayo. Ndiyo yale uliyokunywa jana ukayasifu.

Najua unachoogopa. Mwenyekiti ndiye aliyekuandikia barua ya sifa. Ukisimama kesho ukamwonyesha kwamba alimtukana mtu bure, mbele ya kamati yake, anaweza kupiga simu Nairobi. Siwezi kukuambia hatapiga. Namjua tangu akiwa na kamasi, anaweza kupiga. Na wale wa Nairobi wanaweza kusema hawakutaki. Hayo yote yanaweza kuwa. Nimeyageuza kichwani tangu juzi na sikupata njia ya kuyapunguza.

Lakini kazi inaanza Jumatatu, na kesho ni Jumamosi. Magari ya kwenda Nairobi yapo mpaka jioni.

Ukija, usilete maneno mengi, na usieleze habari ya matumbo na vyombo, watapotea na watafurahi kupotea. Sema mashine ya Kalama haikuharibiwa na mtu. Sema diski haikuwa yake na wewe ulijua siku ile ile. Sema sasa imetengenezwa, naye Mutua anaweza kuitumia kama mtu yeyote. Mwangalie yeye ukisema, si mwenyekiti. Halafu kaa chini. Mimi nitasimama baada yako niseme ni nani aliyekushauri, na nitawaambia na habari ya Kalunde, kwa sababu nimechoka nayo, na wawili au watatu wa wale wazee watakuwa humo ndani.

Na kama asubuhi utaona huwezi, sitakufungia mlango. Nitakubebea sanduku mpaka barabarani kama nilivyoahidi, nitakushika kichwa nikubariki, na sitakunja uso. Utakuwa bado mtoto wangu, Nairobi na popote. Halafu nitarudi nivae kile kitambaa changu cha kijani, niende pale ofisini nikae kiti cha mbele, na saa tatu nitasimama niseme langu. Langu tu. Wataniuliza kama wewe ulijua, na nitawaambia wakuulize wewe. Nikisema lako nitakuwa nimekuibia nafasi ya kulisema mwenyewe, na mtu akiibiwa kitu kama hicho hakipati tena mahali popote. Mimi nimekitafuta kwa miaka yote hii.

Kwa hivyo nitaamka kabla yako. Ukitoka ukiwa umevaa viatu vya safari, nitachukua sanduku. Ukitoka miguu mitupu, nitaweka chai nyingine, tunywe mpaka saa tatu ifike.

Ni mimi,
Susu